Sanduku la Marehemu: Tuchome au Tutunze?



Jumapili iliyopita tulisoma Matendo ya Mitume sura ya 19, habari za Efeso. Watu walioamini walileta vitabu vyao vya uganga wakavichoma mbele ya wote, na bei yake ilipohesabiwa ikafika vipande vya fedha 50,000. Mimi nilisomea biashara kabla sijaingia chuo cha Biblia, kwa hiyo mstari huo hunishika kila mara. Luka hakuona haya kuandika hasara kwa tarakimu. Baada ya ibada watu watatu walinifuata, kila mmoja kwa wakati wake, na swali lao lilikuwa lile lile: Pasta, na vile vitu vya wazee wetu vilivyoko nyumbani je? Barua za zamani, shanga, vibuyu, vitu vya harusi ya kogo. Hivyo navyo tuchome?

Swali kama hilo halijibiwi mlangoni watu wakikimbilia matatu. Ndiyo maana nimeomba nafasi hii.

Nianze na Efeso kwenyewe. Someni tena polepole. Kila mtu alileta cha kwake. Mganga alikuwa yeye, kitabu chake, hasara yake. Hakuna mahali Luka anaposema kijana fulani aliingia nyumbani kwa nyanya yake, akabeba kitabu cha nyanya, akakitupa motoni halafu akasimama kushuhudia kwamba amefunguliwa. Kutoa sadaka kutoka mfuko wa mwenzako ni rahisi sana, si ndio? Na kutubu kwa niaba ya marehemu ambaye hawezi kuinuka kujieleza ni rahisi zaidi.

Najua kuna atakayesema, na Gideoni je? Si alibomoa madhabahu ya baba yake? Alibomoa, tena usiku, akiwa na watumishi 10. Lakini angalieni kilichotokea asubuhi. Watu wa mji waliamka, wakaona madhabahu ya Baali imeanguka, wakataka kumwua. Hakuna mtu anayetaka kuua kwa sababu ya kitu kilichosahaulika darini. Madhabahu ile ilikuwa inatumika. Na Mfalme Hezekia naye alivunjavunja nyoka wa shaba, yule yule aliyetengenezwa na Musa kwa amri ya Mungu na kuponya watu jangwani. Alikaa miaka mingi kama ukumbusho, hakuna aliyemgusa. Alivunjwa watu walipoanza kumfukizia uvumba. Shaba ilikuwa ile ile. Magoti ya watu ndiyo yaliyobadilika. Lakini Yoshua, kwa upande wake, aliamuru mawe 12 yatolewe Yordani na kusimamishwa ili mtoto akiyaona aulize maana yake. Mawe yale hayakuwahi kuombwa chochote. Kazi yake ilikuwa kuzaa swali.

Kwa hiyo mtu akinionyesha kitu cha wazee wake mimi huuliza. Kuna mtu nyumbani anayekiogopa? Anayekiomba? Anayekimwagia maziwa, au anayeamini kikitoka watu watakufa? Kama yupo, hapo tuna kazi ya maombi, na kazi hiyo inaanza na huyo mtu mwenyewe. Kitu kitafuata baadaye. Kama hayupo, basi tuna kitu cha kumbukumbu tu, na kumbukumbu ina maswali yake mengine, ambayo kwa kweli ni magumu kuliko hilo la mapepo.

Sisi watu wa Kericho na Bomet hatuna masanduku mengi ya barua za uchumba. Wazungu waliokuja huku wanazo. Baada ya Vita Kuu ya Kwanza, maofisa wa Kiingereza waliolemaa vitani walipewa ekari kama 25,000 hapa Kericho walime kitani. Bei ya kitani ikaanguka, mradi ukafa, na mashamba hayo yakaishia kwa kampuni za chai. Watu kama hao waliandikiwa na wakaandika. Barua ilitoka Uingereza kwa meli mpaka Mombasa, ikapanda reli mpaka stesheni ya Lumbwa, ambayo leo tunaiita Kipkelion, ndipo ikapandishwa huku milimani. Kule Ngong, Karen Blixen, aliyefungia ndoa yake Mombasa mwezi wa Januari 1914, aliandikia jamaa zake Denmark kwa miaka 17, na barua hizo zikatunzwa mpaka zikawa kitabu.

Ndoa za wazee wetu wa wakati huo huo hazikuwa na karatasi. Zilikuwa na koito, ng'ombe, mashahidi, na majani. Bwana na bibi arusi walifungwa segutiet kwenye mikono, ile nyasi ngumu inayokataa kung'olewa. Hicho ndicho kilikuwa cheti. Wasomi walikuja wakayaandika hayo: Peristiany alichapisha kitabu chake juu ya taratibu za Wakipsigis mwaka wa 1939, na maandishi ya Orchardson, aliyeishi Kericho miaka mingi, yakatolewa kitabu mwaka wa 1961. Kwa hiyo habari za harusi ya kogo ziko katika maktaba za Ulaya, zimepangwa vizuri na kufutwa vumbi. Huku nyumbani tunatafuta kiberiti.

Mzee mmoja wa kanisa letu, ambaye namheshimu sana, aliniambia, "Pasta, yale majani yalifungwa kwa jina la Asis. Hawakumjua Yesu." Ni kweli, na sitaki kulipaka rangi jambo hilo. Lakini tulifuate mpaka mwisho. Kama alama ya ndoa ile ni ya shetani, ndoa yenyewe ilikuwa nini? Na kama ile haikuwa ndoa, watoto waliozaliwa humo ni nini, na sisi wajukuu na vitukuu tuliojaza viti vya kanisa hili ni nini? Paulo, katika Wakorintho wa kwanza sura ya 7, anakuta mwamini aliyeoana na asiyeamini, na hasemi kwamba hapo hakuna ndoa. Anaichukua kuwa ndoa, na watoto wake anawaita watakatifu. Hata sisi, mume na mke waliooana kimila wakiokoka, tunawabatiza wakiwa mume na mke. Tunabariki ndoa tuliyoikuta. Hatuwarudishi kwa wazazi wakaanze uchumba upya. Sasa tutawezaje kuibariki ndoa halafu tuchome pete yake?

Mzee alinyamaza kidogo, akasema atalifikiria. Nami bado nalifikiria, maana najua ziko alama nyingine ambazo ukizichunguza zilikuwa na kazi ya ibada kweli, na hizo sizitetei.

Sasa niingie kwenye jambo lililonifanya niandike. Familia yenyewe imeniruhusu nilisimulie bila majina wala kijiji.

Mama mmoja mwenye zaidi ya miaka 80 alilala mwaka jana. Chini ya kitanda chake palikuwa na sanduku la bati la mama yake mzazi, aliyeolewa miaka ya 1920. Mhubiri mgeni alikuwa amepita katika boma hilo miezi michache kabla, akasema kuna sanduku linalofunga ndoa za wasichana wa familia. Basi baada ya matanga vijana wa nyumba hiyo wakanunua mafuta ya taa, wakanipigia simu nije Jumamosi niombe wakati sanduku likiungua. Niliwaambia nitakuja, lakini kwanza tufungue tuone. Mimi siombei moto juu ya kitu nisichokijua. Hata benki haikuandikii hasara bila kufungua kabati.

Ndani palikuwa na hivi. Kibuyu kidogo cha mursik chenye kifuniko cha ngozi, kimekauka na kupasuka. Kipande cha mzee, kile cheti ambacho wanaume Waafrika walilazimishwa kubeba kuanzia mwanzoni mwa miaka ya 1920, bado kimo katika kijaluba chake cha chuma cha kuning'iniza shingoni. Shanga. Kitambaa kilichokunjwa, na ndani yake majani makavu yaliyosokotwa, ambayo wazee walipoyaona walinyamaza, halafu mmoja akasema ni segutiet. Na chini kabisa, barua 11, za kati ya 1933 na 1940.

Mzee alikuwa ameenda kuchunga na kukamua ng'ombe katika shamba la mzungu upande wa Nakuru, atafute pesa ya kodi ya nyumba. Hakujua kuandika. Barua zote ziko kwa Kiswahili, kwa mkono wa karani, na ukizipanga kwa tarehe unaona mwandiko unabadilika mara tatu kwa sababu makarani walikuja na kwenda. Huku nyumbani mama hakujua kusoma. Kijana wa jirani aliyekuwa shule ya misheni ndiye aliyezisoma kwa Kiswahili akamgeuzia kwa Kipsigis. Fikirini basi. Mume anamwambia karani, karani anaandika lugha isiyo ya mume, kijana anasoma lugha isiyo ya mke. Katikati ya mume na mke wamekaa watu wawili. Utamwambiaje mkeo neno la ndani mbele ya kamati kama hiyo?

Karibu kila barua inauliza ng'ombe mmoja mwekundu. Amezaa? Nani anamkamua? Asiuzwe hata kodi ikizidi. Mtu akizisoma haraka anaweza kudhani mzee alipenda mifugo kuliko mke, na ndivyo ilivyokuwa: mjukuu mmoja alikuwa ameshapiga picha barua mbili akazituma kwenye kundi la WhatsApp la familia, na huko watu walikuwa wanacheka. Ndipo mama mmoja mzee wa ukoo huo akatueleza. Zamani bibi arusi alipofikishwa kwa mume alikataa kuingia mpaka aahidiwe mnyama, na mama huyu alisimama pale nje muda mrefu kuliko kawaida. Alichoahidiwa ni huyo ng'ombe mwekundu. Kwa hiyo mzee alipokuwa anauliza habari zake miaka kumi baadaye, mbele ya karani na mbele ya kijana wa shule, alikuwa anamwambia mkewe kwamba ile ahadi ya mlangoni anaikumbuka. Na hakuna mwingine aliyesikia.

Kundi la WhatsApp lilinyamaza siku hiyo. Ashukuriwe Mungu.

Hapo ndipo swali langu la pili linapoingia: barua hizi ni za nani? Sheria ina jibu lake. Karatasi ni mali ya aliyepelekewa, na baada yake warithi wake. Maneno ni ya aliyeyatunga. Sheria yetu ya Hakimiliki ya mwaka wa 2001 inahesabu hata barua kuwa kazi ya maandishi, na inailinda kwa miaka 50 kuanzia mwisho wa mwaka aliofariki mwandishi. Mzee huyu alifariki 1971, kwa hiyo ulinzi huo uliisha mwishoni mwa 2021. Kwa sheria, mtu akitaka kuchapisha habari za ng'ombe mwekundu leo hakuna wa kumshtaki kwa hakimiliki. Lakini kile kisichoshtakiwa kortini si lazima kiwe sawa. Yule kijana wa misheni alisoma barua zote zile. Alijua nani anadaiwa, nani anaumwa, mume amekasirika au amelegea. Alizeeka katika kijiji hicho hicho, na watu wanasema hakuwahi kurudia neno moja la barua ya mtu. Hakuna sheria iliyomfunga mdomo. Mimi naona sisi tunaofungua masanduku leo tumekalia kiti chake. Tunasoma kwa niaba ya mtu mwingine, na kiti hicho kina heshima yake.

Nikitafuta mfano wa mtoto aliyekikalia vizuri namkumbuka mwana wa Sayyida Salme wa Zanzibar. Mama huyo alikuwa binti wa Sultani Said. Alipendana na mfanyabiashara Mjerumani, Rudolph Heinrich Ruete, akaondoka kwao, na mwaka wa 1867 akabatizwa huko Aden kwa jina la Emily na kuolewa siku hiyo hiyo. Miaka mitatu tu baadaye mume akafa kwa ajali ya tramu mjini Hamburg, akamwacha na watoto watatu wadogo katika nchi ya baridi. Aliandika maisha yake ya Ujerumani kwa mtindo wa barua kwa rafiki wa nyumbani, barua ambazo hazikuchapishwa akiwa hai. Alifariki 1924, na katika vitu vyake ukakutwa mfuko mdogo wa mchanga wa pwani ya Zanzibar. Miaka zaidi ya 50 ugenini, na mchanga bado anao! Mchanga ule ulizikwa pamoja naye. Maandishi hayakuzikwa, mwanawe aliyakabidhi, pamoja na vitabu vyake, kwa taasisi moja mjini Leiden, Uholanzi, na barua zile zikatoka kwa Kiingereza mwaka wa 1993. Napenda jinsi vitu hivyo viwili vilivyotenganishwa. Mchanga ulikuwa wake na Mungu wake, hauna habari kwa mtu mwingine. Barua zilikuwa na habari ya kuacha nyuma.

Turudi kwenye sanduku letu, maana barua ya tisa haikuwa ya ng'ombe.

Ni ya mwaka wa 1938. Mzee anamwambia mkewe kwamba anaoa mke wa pili, kwamba koito imekwisha, na anataja ng'ombe waliotoka na wazee waliokuwepo. Anamwomba huyo mkubwa amwonyeshe mdogo mahali pa kujenga, karibu na mto, na ua upigwe kutoka mtini mpaka majini, ndani ya ua huo pawe pa nyumba hiyo. Basi. Mistari michache tu, kwa mwandiko mzuri kuliko barua zote.

Leo wajukuu wa mke wa pili wanaishi hapo karibu na mto. Shamba lote liliandikishwa miaka ya 1960 kwa jina la mzee, na mpaka leo liko kwa jina la mzee, kama mashamba mengi ya hapa kwetu. Kwa miaka kadhaa sasa nyumba kubwa wamekuwa wakisema yule mama hakuwa mke. Alikuwa mtu aliyekaribishwa tu, mfanyakazi. Cheti kiko wapi? Na kweli cheti hakipo, kwa sababu wakati huo ndoa ya kimila haikuwa na cheti. Sheria ya kutaka ndoa zote za kimila ziandikishwe imekuja na Sheria ya Ndoa ya 2014. Mzee alifariki kabla ya Sheria ya Urithi kuanza kutumika mwaka wa 1981, kwa hiyo mambo yake yanatazamwa kwa mila, na mila yetu inajulikana. Mali inakwenda kwa nyumba, kila mke na watoto wake na sehemu yao. Ila kwanza lazima uonyeshe kwamba alikuwa mke. Mashahidi wa wale ng'ombe wote wako kaburini.

Mnaona sasa yale mafuta ya taa yalikuwa yanaenda kuchoma nini.

Sisemi vijana wote walijua. Wengi wao waliogopa laana kwa moyo wao wote, na ndoa za dada zao kweli zimekuwa na shida. Lakini alikuwepo mmoja aliyekuwa na haraka kuliko wenzake, na hakuwa anazungumzia sana dada zake. Na hapo, wapendwa, mimi kama mtumishi nilipata ubaridi mgongoni. Kanisa lingeletwa pale kwa gitaa na mafuta ya upako kuimbia moto ambao kesho yake ungewatoa wajane na watoto kwenye ardhi yao. KRA inatudai tutunze rekodi za biashara miaka 5. Mkaguzi akifika akute umechoma risiti usiku wa kuamkia ukaguzi, mwambie tu zilikuwa na pepo, uone kama atakuandikia cheti safi.

Someni Mwanzo 38 mkifika nyumbani. Si sura tunayopenda kuihubiri. Yuda alimpa Tamari rehani, yaani muhuri wake, kamba yake na fimbo yake. Tamari alivitunza. Siku ilipofika, yeye mwenyewe ndiye aliyekuwa anatolewa nje achomwe, na vitu vitatu vidogo vikamwokoa, yeye na mimba yake. Yule Peresi aliyezaliwa yumo katika ukoo wa Bwana wetu, Mathayo sura ya 1. Je, kama siku moja kabla angepita mtu akamshauri Tamari atupe vitu vya mwanamume vinavyomletea mikosi? Yeremia naye, alipolinunua shamba huku mji ukiwa umezingirwa, aliagiza hati ziwekwe ndani ya chombo cha udongo zidumu siku nyingi. Mungu wetu hana ugomvi na kutunza karatasi.

Kuna jambo moja limenikaa moyoni kuliko hayo yote, nami sijalimaliza. Huyo mama mkubwa aliletewa barua ile mwaka wa 1938. Akasomewa na kijana wa jirani, mbele ya macho ya kijana huyo, kwamba mumewe anaoa mwingine. Hakujua kusoma, lakini aliijua ile karatasi, maana akina mama wasiojua kusoma huzijua barua zao kwa mikunjo na madoa. Jiko lake lilikuwa na moto kila siku. Aliishi mpaka miaka ya 1980. Alikuwa na nafasi kama elfu kumi za kuitumbukiza barua hiyo ndani ya moto, na hakuna binadamu ambaye angejua. Barua hiyo haikumfaidi kwa lolote; ilimpunguzia shamba na ilimpunguzia mume. Lakini aliikunja akaiweka pamoja na zile za ng'ombe mwekundu, juu ya segutiet yake, akamwachia binti yake. Binti naye akalala juu yake miaka karibu 40.

Kwa nini? Binti mmoja wa familia alisema labda alipenda kila kitu kilichotoka kwa mume, hata kile kilichomuuma. Mzee mmoja alisema, "Hapana, aliogopa ndimo," yaani wajukuu wake mwenyewe. Kwamba aliona mbele, akajua siku moja watoto wa nyumba yake watawaonea watoto wa nyumba ile. Mimi sijui. Ninachojua ni kwamba mwanamke ambaye hakuwahi kupita mlango wa shule alitunza ushahidi ulio kinyume cha faida yake, jambo ambalo katika darasa letu la maadili ya biashara tulisomeshwa muhula mzima na bado wengi wetu hatuliwezi. Halafu tunasema sanduku lake lina laana.

Watu wameniuliza kama si aibu kusoma barua hiyo mbele ya nyumba zote mbili, ilhali nimesema tuwe kama kijana wa misheni. Nimetofautisha hivi. Yako maneno ya chumbani, na barua hizi zinayo machache, hasa ile ya 1940. Hayo tumekubaliana yasomwe na mama mmoja mzee peke yake na yasirudiwe. Na iko haki ya mtu mwingine. Siri ya mume na mke inalindwa na mume na mke, lakini haki ya mjane wa nyumba ya pili si mali yao waifiche, na mwenye barua mwenyewe hakuificha. Kijana wa misheni angeitwa kwa chifu kuulizwa kama koito ilifanyika, naamini angefungua mdomo.

Hatukuchoma kitu Jumamosi ile. Tuliomba, tena tuliomba sana, kwa ajili ya wale dada na ndoa zao, na mmoja wao amerudi kwa mumewe, ingawa sitafunga hesabu hiyo mapema. Mafuta ya taa yalibaki kwa mama wa jikoni. Vijana wawili bado hawasemi na mimi, na mmoja ameanza kusali kwingine. Wazee wa nyumba zote mbili wamekaa mara mbili na watakaa tena baada ya mavuno. Sanduku limetiwa kufuli mbili. Ufunguo mmoja uko kwa nyumba kubwa na mwingine uko kule chini karibu na mto.